Skrini Zaidi ya Moja kwenye Kompyuta Mpakato: Tunajibu Barua za Nyanda za Juu Kusini

Barua tulizochagua mwezi huu zimetoka Mafinga, Iringa, Tukuyu, Mbeya, Tunduma na Njombe, na karibu zote zinalalamikia jambo moja, kwamba tundu lipo, waya upo, umeme upo, lakini monita ya pili au ya tatu haifanyi kile ambacho mwenyewe aliinunulia. Wasomaji wengi wameshaingia dukani mara mbili au tatu kununua kifaa kingine cha kurekebisha kifaa cha kwanza. Kabla ya kurudi dukani, tunashauri kwanza muifahamu kompyuta yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoamua ni skrini ngapi zitapata picha, wala si idadi ya matundu yaliyopo ubavuni mwake.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Mimi ni mhasibu katika biashara ya mbao hapa Mafinga. Natumia kompyuta mpakato ya mtumba yenye Windows, na ubavuni ina tundu la HDMI, la VGA na lile dogo la USB-C. Nilinunua monita mbili za inchi 22 ili taarifa ya benki ikae kwenye moja, daftari la mauzo kwenye nyingine, nami nijaze ritani ya VAT kwenye skrini ya kompyuta yenyewe. Dukani nilipewa splita ya HDMI yenye tundu moja la kuingizia na mawili ya kutolea. Monita zote mbili zinawaka vizuri, ila zinaonyesha kitu kile kile. Nimebadilisha nyaya, nimebadilisha na splita, hali haijabadilika. Je, kompyuta imeharibika? *Mhasibu, Mafinga.*

JIBU: Ndugu mhasibu, kompyuta yako ni nzima, na splita zote mbili ni nzima. Splita ni kama mashine ya fotokopi: ukiipa ukurasa mmoja itakutolea nakala mbili au nne za ukurasa huo huo, lakini haiwezi kukuandikia ukurasa mwingine. Ishara moja inayotoka kwenye tundu la HDMI hubeba picha moja tu, na kompyuta haijui hata kidogo kwamba mbele ya waya kuna monita mbili. Unaweza kulithibitisha hilo mwenyewe: fungua mipangilio ya Windows, nenda kwenye ukurasa wa Display, nawe utaona visanduku viwili tu vyenye namba 1 na 2, yaani skrini ya kompyuta na hiyo “monita” moja ambayo kwa kweli ni splita. Ili upate kazi tatu tofauti kwenye skrini tatu, ni lazima visanduku viwe vitatu.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni chipu ya picha. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa katika miji yetu zina prosesa ya Intel ambayo chipu ya picha imo ndani yake, na uwezo wa chipu hiyo hutegemea kizazi cha prosesa. Fungua ukurasa wa About kwenye mipangilio, usome namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Ikiwa ni i5-2520M, tarakimu ya kwanza ni 2, basi hiyo ni ya kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2011, nayo inamudu skrini mbili tu kwa wakati mmoja, ile ya kompyuta yenyewe ikiwa imehesabiwa humo. Uwezo wa skrini tatu ulianza na kizazi cha tatu, mwaka 2012. Ikiwa namba ni i5-8250U, una kizazi cha nane na skrini tatu zinawezekana. Ikiwa ni i5-1135G7, hicho ni kizazi cha kumi na moja, ambacho kinafika skrini nne. Kwa kuwa kompyuta yako ina tundu la USB-C, yaelekea haimo katika kundi lile la zamani la skrini mbili, lakini soma namba hiyo kwa macho yako badala ya kunitegemea mimi niliye mbali.

Ukishajiridhisha na hilo, dawa ya tatizo lako ni nyepesi na karibu ya bure. Chomeka monita ya kwanza kwenye HDMI moja kwa moja, bila splita, na ya pili kwenye VGA, kwa waya ule wa zamani wenye pini 15 na skurubu mbili za pembeni. Yako matundu mawili yanayotoa picha mbili tofauti, nawe umekuwa ukitumia moja. Nasikia watu wengi wakiidharau VGA kwa kuwa ni teknolojia ya mwaka 1987, na kweli ishara yake si ya kidijitali, hivyo maandishi yanaweza kuonekana yamefifia kidogo, lakini kwa monita ya inchi 22 yenye pikseli 1920 kwa 1080, na kwa kazi ya kusoma taarifa ya benki, inatosha kabisa. Kama herufi zinatetemeka au picha imesogea upande mmoja, bonyeza kitufe cha Auto kilicho kwenye monita yenyewe, nayo itajipanga upya.

Baada ya kuchomeka, shikilia kitufe chenye alama ya Windows kisha ubonyeze herufi P. Utaletewa machaguo manne. Duplicate ndilo linalorudufu picha, na Extend ndilo linalopanua meza yako ya kazi hadi kwenye skrini nyingine. Chagua Extend. Rudi kwenye ukurasa wa Display, uvute vile visanduku vyenye namba mpaka vikae kama monita zilivyokaa mezani, kwa sababu usipofanya hivyo mshale wa kipanya utagonga ukingo wa kulia wakati monita iko kushoto, nawe utadhani kipanya kimekwama. Dirisha la programu unalihamisha kutoka skrini moja hadi nyingine kwa kulivuta, au kwa kushikilia kitufe cha Windows pamoja na Shift kisha kubonyeza mshale wa kushoto au wa kulia.

Yapo mazingira mawili ambamo mpango huu unaweza kugoma. Kwanza, katika baadhi ya kompyuta VGA na tundu jingine la picha hutumia njia moja kwa ndani, kwa hiyo ukichomeka la pili, la kwanza huzima. Hapo itakubidi uende kwenye USB-C, ambayo nimeieleza kwa kirefu katika jibu la msomaji wa Tunduma hapo chini. Pili, kama itaonekana kwamba prosesa yako ni ya skrini mbili tu, bado unaweza kuzitumia monita zote mbili kwa kuizima skrini ya kompyuta yenyewe: kwenye mipangilio ya umeme, sehemu ya kufunga kifuniko, chagua kompyuta isifanye lolote kifuniko kinapofungwa, kisha ufunge kifuniko na kutumia kibodi na kipanya vya nje. Utakuwa na skrini mbili kubwa badala ya tatu. Kwa mhasibu si haba.

Splita usiitupe. Soma barua ya Tukuyu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma chuo hapa Iringa. Kaka yangu aliniachia MacBook Air yenye chipu ya M1. Nimenunua habu ya USB-C yenye matundu mawili ya HDMI, ambayo boksi lake linasema inawasha monita mbili. Kwenye kompyuta ya rafiki yangu yenye Windows habu hiyo inafanya kazi sawasawa, ila kwenye yangu monita mbili zinaonyesha picha moja. Muuzaji anasema nimekosea mipangilio. Nifanyeje? *Mwanafunzi, Iringa.*

JIBU: Marahaba. Hukukosea mipangilio yoyote, na boksi halikusema uongo wa moja kwa moja, ila halikusema yote. Habu ya namna hiyo hupokea ishara moja ya DisplayPort (njia nyingine ya kupeleka picha kwenye monita, kama HDMI) na kuigawa kuwa picha mbili tofauti kwa utaratibu unaoitwa MST, ambao uliingia katika DisplayPort toleo la 1.2, mwaka 2010. Windows inaufahamu utaratibu huo. macOS, mfumo unaoendesha kompyuta za Mac, haiutumii kupanua meza ya kazi, na ndiyo maana kwako picha inarudufiwa.

Lakini hata kama macOS ingeukubali, ungekutana na kikwazo cha pili. Apple ilipotoa chipu ya M1 mwaka 2020, MacBook Air iliwekewa uwezo wa monita moja tu ya nje, na ile ya M2 ikabaki vivyo hivyo. MacBook Air ya M3, ya mwaka 2024, inakubali monita mbili iwapo kifuniko kimefungwa, na ya M4, ya mwaka 2025, inakubali mbili huku kifuniko kikiwa wazi. Mpaka huo umo ndani ya chipu, kwa hiyo hakuna waya wala adapta ya kawaida itakayouvuka, na anayekuambia ujaribu waya wa bei kubwa zaidi anakupotezea fedha za matumizi ya chuo.

Njia inayofanya kazi ni doki (kifaa cha kuunganishia vifaa vingi kwenye kompyuta kwa waya mmoja) au adapta yenye chipu ya DisplayLink. Kifaa hicho hakisubiri ishara ya picha kutoka kwenye chipu ya Apple. Programu yake, ambayo utaisakinisha, huchukua picha ya meza ya ziada, huibana na kuituma kama data ya kawaida ya USB, kisha kifaa chenyewe huifungua na kuipeleka kwenye monita. Mac itakuomba kibali cha kurekodi skrini. Usishtuke, kwani programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila kibali hicho. Kwa kuandika tasnifu, kusoma makala na kujaza majedwali, hutaona tofauti kubwa. Kwa michezo na kuhariri video, utaiona mara moja, kwa sababu kazi ya kubana picha inafanywa na prosesa yako. Tena filamu za huduma za kulipia zenye ulinzi wa hakimiliki zinaweza kuonyesha kiwambo cheusi programu hiyo ikiwa inaendeshwa, jambo ambalo kwa mwanafunzi wakati wa mitihani pengine si hasara.

Unaponunua, tafuta neno DisplayLink kwenye boksi au kwenye kifaa chenyewe, na usilichanganye na DisplayPort. Kama nyumbani kuna iPad ya miaka ya karibuni, jaribu kwanza kuigeuza kuwa skrini ya pili kwa Sidecar, ambayo imo ndani ya macOS tangu mwaka 2019, kabla hujatoa hata shilingi.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Katika usharika wetu hapa Tukuyu tuna televisheni mbili, moja kila upande wa madhabahu, na kompyuta mpakato moja iliyo nyuma kabisa karibu na mlango, kama mita 20 hivi. Tunataka maneno ya nyimbo yaonekane kwenye televisheni zote mbili, lakini kijana anayeendesha aweze kutafuta wimbo unaofuata bila washarika kuona anachofanya. Fundi ametushauri tununue kompyuta ya pili. *Mzee wa kanisa, Tukuyu.*

JIBU: Amina, na shikamoo mzee wangu. Kompyuta ya pili haihitajiki. Ninyi ndio hasa mnaohitaji ile splita ambayo haikumfaa mhasibu wa Mafinga, maana mnataka picha moja katika sehemu mbili. Kompyuta iwekwe katika hali ya Extend, ishara itoke kwa HDMI kwenda kwenye splita yenye umeme wake, na splita ilishe televisheni zote mbili. Kompyuta itaona skrini mbili tu: yake, ambapo kijana atafanya kazi zake, na ya nje, ambapo washarika watasoma. Programu ya PowerPoint inayo hali ya mtangazaji, ambayo humwonyesha mwendeshaji ukurasa uliopo na unaofuata huku televisheni zikipata ukurasa uliopo peke yake.

Penye kazi ni hizo mita 20. Waya wa kawaida wa HDMI wa shaba huanza kusumbua ukizidi mita 10 hadi 15, na kwa picha ya 4K (yenye pikseli 3840 kwa 2160) husumbua mapema zaidi. Dalili zake ni vinukta vinavyomeremeta, picha inayopotea kwa sekunde chache na kurudi, au kutoonekana kitu kabisa. Njia moja ni kutumia jozi ya vifaa vya kurefusha, kimoja cha kutuma na kimoja cha kupokea, ambavyo katikati yake unapita waya wa mtandao wa Cat6. Waya huo utoke kifaa hadi kifaa bila kupitia kwenye ruta, kwani jozi nyingi za bei nafuu haziwezi kupita humo. Njia nyingine ni waya wa HDMI wa nyuzi za kioo, ambao hufika mbali bila taabu ila una upande wa kutoka na upande wa kuingia, na ukigeuzwa hautoi picha. Kabla fundi hajaupitisha juu ya dari, mwambie asome maandishi yaliyo kwenye ncha zake, kisha aujaribu ukiwa bado sakafuni.

Kama televisheni moja ni ya 4K na nyingine ni ya zamani, wekeni kompyuta itoe pikseli 1920 kwa 1080, ambazo televisheni nyingi za leo huzipokea, ili splita isihangaike kutafuta muafaka kati yake. Na kwa kuwa mvua za Rungwe huja na radi, mwekeni mtu wa kuchomoa televisheni, splita na vifaa vya kurefusha kila baada ya ibada. Waya mrefu wa shaba juu ya dari huokota msukumo wa radi iliyopiga hata mbali kidogo, na matundu ya HDMI ya vifaa vilivyounganishwa yanaweza kuungua.

SWALI: Nina ofisi ya usanifu wa kadi na mabango Mwanjelwa, Mbeya. Nimejitahidi nikanunua monita ya inchi 27 ya 4K kuwa ya pili. Picha ni nzuri, ila mshale wa kipanya unakokota, na nikivuta kitu kinakuja kwa kuruka ruka. Nikiirudisha monita yangu ya zamani tatizo halipo. Niirudishe dukani? *Msanifu, Mbeya.*

JIBU: Usiirudishe bado. Monita yako ya zamani, ikiwa ni ya 1920 kwa 1080, ina pikseli 2,073,600. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, ambazo ni mara nne kamili. Kiasi hicho chote kinapaswa kupita kwenye tundu lile lile kila picha inapochorwa upya, na tundu la HDMI la toleo la 1.4, ambalo limo kwenye kompyuta mpakato nyingi za miaka iliyopita, linapitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kuchora picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde. Monita ya zamani ilikuwa inachorwa mara 60. Jicho lako limeona tofauti hiyo, na halikukosea.

Hakikisha kwa kufungua ukurasa wa Display, kisha mipangilio yake ya kina, ambako utaikuta namba ya hezi, yaani mara ambazo picha huchorwa kwa sekunde. Ikiwa ni 30, una njia tatu. Kama kompyuta ina tundu la DisplayPort la toleo la 1.2 au jipya zaidi, au USB-C inayotoa picha, pitia huko, kwani hupitisha 4K mara 60. Kama haina, punguza idadi ya pikseli za monita hiyo hadi 2560 kwa 1440, ambapo mara nyingi utazipata hezi 60. Maandishi yatapoteza ukali kidogo lakini mkono utakuwa huru. Njia ya tatu ni kompyuta yenye HDMI 2.0, ambayo ilitangazwa mwaka 2013 na kupitisha gigabiti 18. Kununua waya mpya peke yake hakutasaidia ikiwa tundu ndilo lenye mpaka, ingawa kinyume chake pia hutokea: tundu likawa jipya na waya ukawa duni, na hapo utafute waya ulioidhinishwa wenye maandishi ya Premium High Speed.

Kwa kazi yako nitaongeza neno ambalo hukuliuliza. Monita mbili za watengenezaji tofauti hazitaonyesha rangi sawa hata ukizipanga pamoja mchana kutwa. Chagua moja, bora iwe hiyo mpya, iwe ndiyo ya kuamulia rangi za mteja. Nyingine iwe ya mafaili, vifaa vya programu na mazungumzo ya simu. Msanifu anayeamua rangi ya bango kwenye monita yoyote iliyo karibu na kipanya huishia kuchapa upya kwa gharama zake.

SWALI: Ndugu mhariri, ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma imenunua doki ya USB-C yenye matundu mawili ya HDMI. Kwenye kompyuta ya bosi inawasha monita zote mbili. Kwenye yangu, kibodi na kipanya vilivyochomekwa kwenye doki vinafanya kazi, lakini monita zinabaki nyeusi. Kisha waya wa doki ulipotea, tukaweka wa chaja ya simu, na sasa hata kwa bosi hakuna picha. *Karani, Tunduma.*

JIBU: Yako matatizo mawili hapa, na yote yanatokana na ukweli kwamba USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, ni umbo la tundu tu. Umbo hilo linaweza kubeba umeme, data, picha, au vyote vitatu, na hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kuweka vyote.

Kompyuta yako inaonekana ina USB-C ya data pekee. Kwa sababu hiyo kibodi na kipanya vinaitika huku monita zikibaki gizani. Litazame tundu kwa mwanga mzuri: ukiona karibu yake herufi D yenye P ndani yake, tundu linatoa picha, ukiona alama ya radi, hilo ni Thunderbolt, yaani tundu la umbo la USB-C lenye kasi kubwa zaidi, na linatoa picha pia, ukiona alama ya USB peke yake, uwe na shaka. Watengenezaji wengine hawachori alama yoyote, kwa hiyo chukua namba ya modeli iliyo chini ya kompyuta, utafute maelezo yake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama haitoi picha, hakuna draiva itakayoifanya itoe. Tumia HDMI yake kwa monita moja, na kwa ya pili tumia adapta ya DisplayLink, ile niliyomweleza mwanafunzi wa Iringa, ambayo ipo hata ya kuchomeka kwenye tundu pana la kawaida la USB.

Tatizo la pili ni waya. Nyaya nyingi za chaja za simu zina ncha za USB-C pande zote, na kwa macho hazitofautiani na waya wa doki, lakini ndani yake zina nyuzi za umeme na za data ya polepole tu. Zile njia nne za kasi ambazo picha hupitia hazimo kabisa. Nunueni waya wa USB-C uliotajwa waziwazi kuwa unabeba video, mfupi kadiri meza inavyoruhusu, kisha muufunge kwenye doki kwa kibanio ili usipotee tena.

Maadamu mko katika kununua, angalieni na umeme. Doki inayopitisha chaji hujitwalia sehemu yake kwanza, hivyo chaja ya wati 65 haiifikishii kompyuta wati 65. Kompyuta ikilalamika kwamba inachajiwa polepole, ichomekeeni chaja yake pembeni na doki ibaki na kazi ya picha. Na ikiwa mtashawishiwa kununua doki ya mtumba ya Thunderbolt kwa kuwa bei yake imeshuka, kumbukeni kwamba baadhi ya doki za Thunderbolt 3 hazifanyi kazi kabisa kwenye USB-C ya kawaida. Kwa bosi wenu, ikiwa kompyuta yake ina Thunderbolt 4, iliyotoka mwaka 2020, atapata monita mbili za 4K bila wasiwasi, kwa kuwa uwezo huo ni sharti la toleo hilo.

SWALI: Umeme ukikatika hapa Njombe, kompyuta inabaki inawaka kwa betri, ila monita mbili zinazima na madirisha yote yanarukia skrini ndogo bila mpangilio. Umeme ukirudi naanza kupanga upya. Je, kuna dawa? *Msomaji, Njombe.*

JIBU: Ndiyo, na ni mbili. Windows 11 ina mpangilio kwenye ukurasa wa Display, katika sehemu ya monita nyingi, unaoiamuru ikumbuke mahali pa kila dirisha kulingana na monita zilizounganishwa; uweke alama ya tiki, nayo madirisha yatarudi mahali pake monita zikiwaka. Dawa ya pili ni UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa TANESCO ukikatika, kwa ajili ya monita peke yake. Monita ya LED ya inchi 22 au 24 hula takriban wati 20 hadi 30, kwa hiyo mbili hazitaielemea hata UPS ya VA 650, na zitakupa muda wa kumaliza sentensi na kuhifadhi kazi. Kompyuta yako ina betri, usiichomeke humo. Printa ya leza nayo usiichomeke humo hata kwa bahati mbaya, kwani inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS ya ukubwa huo itazima kila kitu.